Na Wao Wanakula Nini?

Wilayani Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Treni haipo, na ukitaka mtu aliyeiona ikipita itabidi utafute mzee kwelikweli. Reli ililetwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 ije kubeba karanga kuzipeleka pwani. Karanga zenyewe hazikupatikana za kuishibisha, na miaka ya mwanzo ya uhuru reli ikang'olewa. Lililobaki ni jina la kata na hadithi ambayo kila anayeandika habari za kusini huona lazima aisimulie upya.

Nami niisimulie kwa ufupi. Mwaka 1946 mtaalamu wa kilimo John Wakefield na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka juu kwenye ndege, kisha wakarudi London na mpango wa ekari 3,210,000: mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, mengi yake Tanganyika. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na karanga ndiyo ingekuwa dawa. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Yakaja matrekta, vikaja vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta pauni milioni 36 kwenye vitabu vyake, na mradi ukafa.

Kwa kawaida hadithi huishia hapo, msikilizaji acheke kiburi cha mkoloni. Sina ugomvi na kicheko hicho, maana ni haki yetu. Ila huwa nawaza kitu kingine. Katika mradi ule mzima palikuwa na kundi moja la wafanyakazi ambalo halikugoma, halikusubiri vipuri kutoka ng'ambo wala halikuwekwa kwenye orodha ya mishahara. Kila mche wa karanga ulioota Nachingwea, hata kwenye mashamba yaliyoleta hasara, ulikuwa na bakteria mizizini wakiuvutia naitrojeni kutoka hewani. Walikuwapo ardhini kabla Wakefield hajazaliwa, wakila sahani moja na kunde, mbaazi na njugu mawe za Wamwera, wenyeji wa huko. Kazi yao ilifanikiwa siku zote. Sasa kazi ya namna hiyo tuiiteje? Anayeifanya hajui kwamba anaifanya, na aliyefaidika nayo hakujua kwamba amefanyiwa. Je, ina maana yoyote, au maana ni kitu tunachokiongeza sisi baadaye, tukishajua?

Atakayependa kuiona kazi yenyewe aende shambani wakati karanga zimechanua, wiki sita au saba baada ya kupanda, udongo ukiwa bado na unyevu. Asivute shina, maana vitu anavyovitafuta vitabaki chini. Achimbe pembeni kwa jembe dogo, anyanyue mche na bonge lake la udongo, autikise taratibu. Kwenye mizizi ataona vipele vya mviringo, vidogo kuliko punje ya uwele au vikubwa kidogo, vimekaa hasa pale mzizi wa pembeni unapochipuka kutoka mzizi mkuu. Hapo si mahali pa bahati nasibu. Kwenye soya na kunde, bakteria huingilia kwenye kinyweleo cha mzizi ambacho hujikunja na kumkumbatia. Kwenye karanga hupenya kwenye mwanya mdogo ambao mzizi mchanga huuacha unapochomoza. Kisha apasue kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa cheupe au kijani ndani, hakuna kinachofanyika humo. Kikiwa hai, ndani ni chekundu, na hiyo rangi haikufanana na damu kwa bahati: inatokana na protini ambayo ni ndugu wa ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu. Kazi yake humo ni kuipitisha oksijeni kwa kipimo, kwa kuwa bakteria hawezi kuishi bila kupumua, na papo hapo kimeng'enya chake cha kuvunja naitrojeni huharibika oksijeni ikizidi.

Juu ya kila hekta ya shamba la Ruangwa, jirani na Nachingwea, kuna takribani tani 75,000 za naitrojeni, na mahindi yaliyosimama katikati yake yanageuka manjano kwa kuikosa. Atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa mshikamano ambao mimea haiwezi kuuachanisha. Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch waliufanyia kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vinavyofuata njia yao hadi leo vinahitaji joto la nyuzi 400 na zaidi, na mgandamizo unaokaribia mara 200 ya hewa ya kawaida. Ndivyo inavyopatikana yurea, ambayo mfuko wake wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Bakteria wa karanga anafanya jambo lilelile kwenye joto la udongo wa kawaida, bila bomba wala mtambo. Wanasayansi wenyewe walichelewa kulijua: Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walilitangaza Ujerumani mwaka 1886, na miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck, Mholanzi, akafanikiwa kuwatenga bakteria hao na kuwaotesha peke yao.

Swali bora kuhusu jambo hili nililisikia kwa mama mmoja wa Ruangwa, kwenye shamba la mafunzo. Bwana shamba alikuwa ameshamaliza maelezo yake mazuri juu ya vijidudu vinavyotupa mbolea ya bure. Mama akanyoosha mkono.

"Bwana shamba, na wao wanakula nini?"

"Hawali kitu, mama. Wanatoa hewani."

"Hakuna asiyekula, baba. Kama hawali kwangu, wanakula kwa nani?"

Watu walicheka, lakini mama alikuwa amegusa penyewe. Hakuna mbolea ya bure. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni kunahitaji molekuli zisizopungua 16 za ATP, ile sarafu ya nguvu ambayo kila chembe hai huitumia, na nguvu hiyo yote inatoka kwenye sukari iliyotengenezwa na majani. Mche wa karanga hugawa sehemu ya chakula chake, ambacho ungeweza kukitumia kukuza majani au kujaza punje, ukakipeleka chini kwa wapangaji wake. Kwa hiyo jibu la swali la mama ni kwamba wanakula kwake, kwenye jua lake na maji yake, na ukipenda kusema, kwenye mavuno yake.

Na wanapata zaidi ya chakula. Bakteria mmoja akiingia kwenye mzizi wa kunde au soya huzaa mamilioni ndani ya kinundu kimoja, na kinundu kikioza baada ya mavuno, wengi hurudi udongoni wakiwa hai. Wale wa njegere hawana bahati hiyo. Wakishageuka kuwa wafanyakazi wa ndani ya kinundu, mmea huwabadilisha maumbile kiasi kwamba hawawezi tena kuzaa. Wanafanya kazi, kisha wanakwisha. Ndugu zao ambao hawakugeuzwa ndio wanaobakia kuendeleza ukoo.

Kuna wanaopenda kuigeuza habari hii kuwa hotuba ya mshikamano: tazameni ndugu zangu, hata vijidudu vinasaidiana. Hotuba hiyo huwa inanipa mashaka. Mwaka 2003 mtafiti Toby Kiers na wenzake walifanya jaribio ambalo lingewaharibia wahubiri hao shughuli. Walichukua mizizi ya soya, wakaondoa naitrojeni kwenye hewa iliyozunguka baadhi ya vinundu, ili bakteria waliomo wasiweze kufanya kazi hata wangetaka. Soya ikawachukulia kuwa wavivu. Ikavibania oksijeni vinundu hivyo, na bakteria waliomo wakazaliana nusu tu ya wenzao. Haikuuliza sababu. Waswahili tuna msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliutumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Mkunde hausubiri siku ya tatu. Unampa mgeni jembe mlangoni, kisha kila siku unakwenda kutazama amelima wapi.

Kuna na la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mmea wa jamii ya mikunde ukikuta udongo umejaa naitrojeni tayari, labda mkulima amemwaga yurea nyingi, huacha kabisa kuwakaribisha bakteria. Vinundu havioti, au vinaota vichache na kudumaa. Kiasi kidogo wakati wa kupanda hakileti shida, lakini shibe inavunja uhusiano. Bakteria wapo palepale na mlango upo palepale, ila hakuna anayefungua. Ninalolielewa hapa ni kwamba kinachowaunganisha hawa wawili si wema, si mazoea, na wala si ujirani. Ni upungufu. Mmea unakosa naitrojeni na una sukari; bakteria anakosa sukari na anaweza kuvunja naitrojeni. Ondoa upungufu wa upande mmoja na hakuna kinachobaki cha kuzungumza.

Mtu anaweza kuona huku ni kuishusha hadhi habari yenyewe. Mimi naona kinyume. Tumezoea kuitafuta maana ya tendo ndani ya moyo wa mtendaji: alikusudia nini, alimpenda nani. Kwa kipimo hicho shamba zima la karanga halina maana, kwa kuwa hakuna moyo pale chini. Na bado punje inajaa. Kuna kutoa na kupokea, kuna mapatano yanayosimamiwa kwa ukali kuliko mkataba wowote wa kijiji, na aliyevunja masharti anajulikana. Ikiwa yote hayo yanawezekana bila nia, basi maana haikai ndani ya mmoja wao. Inakaa kwenye lile wanalopeana. Ukimtenga bakteria kwenye chupa ya maabara, kama alivyofanya Beijerinck, kwa kawaida hatavuta naitrojeni yoyote, ataishi tu. Ukiuotesha mche kwenye mchanga uliochemshwa hadi hakuna kilicho hai ndani yake, utaota na kudhoofika. Uwezo ambao kila mmoja anasifiwa nao hauonekani kwake akiwa peke yake.

Nachingwea imechangia jambo moja katika fikra hii, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ule mpango wa karanga, ingawa halitajwi. Mradi ulipokufa, kituo chake cha utafiti hakikufa nao, na miaka ya 1950 watafiti wake wakaanza kushughulikia soya. Soya ni mgeni Tanganyika. Wajerumani waliileta mwaka 1907, kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani. Kwao, mashariki ya Asia, ina bakteria wake ambao imezoeana nao, na wengi wa bakteria hao hawapo kwenye udongo wetu. Hivyo aina nyingi za soya zilizoletwa kutoka nje zilikuwa za kuchanjwa. Unanunua bakteria wake kwenye pakiti, unawapaka kwenye mbegu, ndipo unapanda. Bila hivyo inasimama shambani manjano, katikati ya mamilioni ya bakteria wa kunde, bila kuzungumza na hata mmoja.

Lakini chache hazikuwa hivyo. Aina kama Hernon 237, iliyotoka kusini mwa Afrika, ilipandwa Nachingwea bila chanjo yoyote na ikaota vinundu kwa kuwatumia bakteria wa hapahapa. Kazi ya wazalishaji wa pale ikatoa aina waliyoiita 3H/1, soya ya Nachingwea isiyohitaji kusindikizwa. Wazo hilo halikubaki Nachingwea. Zambia ikatoa soya yake ya namna hiyo, Magoye, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, Nigeria, ikalifanya kuwa kazi yake rasmi, ikazalisha mbegu za TGx ambazo leo zinalimwa sehemu nyingi za Afrika.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuwa mgeni kwenye udongo huu. Ya kwanza ni kuja na watu wako, na haina aibu yoyote. Kwenye pakiti za chanjo zinazouzwa Afrika Mashariki hutumika sana aina iitwayo USDA 110, bakteria aliyetolewa kwenye kinundu cha soya Marekani, na anafanya kazi kwa bidii kuliko wengi wa huku. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliwahi kutengeneza chanjo yake pale Morogoro, Nitrosua. Kenya kuna Biofix. Namna ya kuipaka haina ujanja mkubwa. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari au gundi ili unga ushike, zinachanganywa kivulini, zinafukiwa siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Jua la saa sita mchana linawaua, na dawa nyingi za kupaka mbegu zinawaua pia. Pakiti iliyokaa dirishani mwa duka kwa miezi ni unga mweusi tu, haina mtu ndani. Yeyote aliyewahi kusafirisha kitu kinachoharibika kwa joto kutoka Dar es Salaam hadi kijiji cha ndani ya Ruangwa wakati wa mvua anajua ugumu ulipo, na hauko kwenye sayansi.

Namna ya pili ni kula na uliowakuta. Hii haihitaji pakiti wala duka, na mkulima anaweza kuweka mbegu yake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Ina gharama yake, ambayo mashabiki wake hupenda kuipitia haraka. Anayemfungulia kila mtu huwafungulia na wazembe. Katika majaribio mengi hata soya hizi zimeongeza mavuno zilipochanjwa, kwa sababu wenyeji wa udongo fulani walikuwa wachache au dhaifu. Na yapo mashamba ambako chanjo haikubadili chochote: ama wenyeji, waliozoea ukame na joto la pale, wanawatangulia wageni kwenye mizizi, ama udongo hauna fosforasi, na bila fosforasi hakuna bakteria atakayefanya miujiza, awe wa Marekani au wa Nachingwea.

Ningeulizwa nichague, ningechagua soya ya Nachingwea, na sababu yangu si ya kizalendo. Mpango wa Wakefield ulikuja umeshiba: una mitambo yake, mafundi wake, hesabu zake, na soko lake linalosubiri. Haukuhitaji kitu kwa wenyeji isipokuwa nguvu za mikono. Ndiyo maana haukuwa na njia ya kupokea walichokuwa nacho, hata elimu rahisi ya udongo upi hugeuka tofali jua likiupiga. Soya ya 3H/1 ilikuja ikiwa na upungufu uleule wa soya zote, ila iliweza kuupeleka kwa majirani waliokuwapo.

Kuna mtu wa tatu kwenye biashara hii, na sijamtaja bado: mvunaji. Husemwa mara kwa mara, hata na wataalamu, kwamba mikunde hurutubisha ardhi. Kweli hiyo ina masharti. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyovutwa huishia kwenye punje, kwa sababu ndiyo protini yenyewe tunayoitaka, na punje inaondoka. Karanga ni mbaya zaidi kwa hesabu hii, maana tunaing'oa nzima: mizizi, vinundu na majani vinakwenda kurundikwa mahali pamoja ambapo kina mama wanachambua. Mabaki yakiliwa na mbuzi wa jirani au yakichomwa, shamba linaweza kubaki maskini kuliko lilivyokuwa, ingawa bakteria wamefanya kazi yao yote kwa uaminifu. Soya yenye mavuno makubwa hufanya vilevile. Mbaazi ina huruma zaidi, kama naruhusiwa kulitumia neno hilo baada ya yote niliyoyasema. Inakaa shambani miezi mingi, inadondosha majani chini yake, na mizizi yake inachimba kwenda chini sana.

Mbaazi ndiyo hasa inayokwenda mbali. Mnunuzi wake mkubwa ni India, na tarehe 5 Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza tani 200,000 kwa mwaka, bei huku kusini ikaporomoka na wengine wakaiacha ioze shambani. Siku hizi inauzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima anapimiwa kilo, anakatwa makato yake, analipwa. Kwenye risiti kuna uzito, daraja, tozo ya halmashauri, ushuru wa chama. Katika mlolongo huo kila aliyegusa gunia anapata chake, na kila mmoja ameandikwa.

Lakini mapatano ya kule chini ardhini ni ya wawili tu, mche na bakteria, na sisi hatumo. Hatutoi sukari, hatutoi naitrojeni. Tunafika mwisho na kiroba. Mche hauna namna ya kutubania hewa kama unavyombania bakteria mvivu. Kitu pekee ambacho mtu wa tatu anaweza kuweka mezani ni yale majani, na ni yeye anayeamua jioni ile ya kuchambua, akiwa amechoka na mgongo unamuuma, kama atayabeba kuyatawanya tena shambani, au atawasha kiberiti ili mwakani asipate tabu ya kulima.